Uzi: Ulezi, mtama na uwele huharibika kabla ya kufika jikoni

Kinu na Mchi:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Maswali yanayoulizwa kuhusu nafaka zetu za asili yanafanana sana: ugali wa ulezi una mchanga, mkate wa mtama unamung'unyika, unga wa uwele umekuwa mchungu kabatini, mtoto ameukataa uji. Majibu yanayotolewa nayo yanafanana, na karibu yote yanamtaka mtu aongeze kitu, iwe ni sukari, maziwa au ngano. Kwa maoni yangu, matatizo hayo kwa sehemu kubwa hayatokani na upishi. Nafaka hizi zina kazi inayotangulia moto, yaani kuosha, kuloweka, kuotesha, kuchachusha na kusaga kwa wakati wake, na sisi tuliozoea sembe ya dukani na ngano ya pakiti tumeiruka kazi hiyo yote tukidhani kwamba kila unga hupikwa kwa namna moja. Naomba niieleze nafaka kwa nafaka, kisha tuingie kwenye kuoka.

Nianze na ulezi, ambao jirani zetu wa Kenya huuita wimbi. Huu ni mmea wa kwetu hasa. Asili yake ni nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda, na kutoka Afrika ndiko ulikofika India, ambako hadi leo ni chakula cha mamilioni ya watu. Sifa yake kubwa ni madini ya chokaa (kalsiamu): gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340, wakati mahindi hayafiki hata 20. Hata hivyo madini hayo hayaingii mwilini yote, kwa kuwa ganda la punje lina faitiki asidi na tanini ambazo huyashika chokaa na chuma na kuyapitisha tumboni bila faida. Kuotesha na kuchachusha hupunguza asidi hiyo, na ndiyo maana mabibi zetu walipoloweka ulezi hadi uote walikuwa wakifanya kazi ya lishe iliyo kamili, hata kama hawakuieleza kwa lugha ya maabara.

Tatizo la mchanga ni rahisi kuliondoa. Ulezi mwingi hupurwa chini, na punje zake ni ndogo kiasi kwamba mchanga hupita nao kwenye chekeche. Weka ulezi katika beseni, mimina maji mengi, koroga kwa mkono, kisha mimina maji hayo taratibu pamoja na punje zinazotembea nayo katika beseni la pili, na uache mchanga ubaki chini ya beseni la kwanza. Rudia hadi utakapopapasa chini ya beseni usihisi chembe yoyote ngumu. Baada ya hapo uchuje, uanike kwa tabaka jembamba juu ya turubai au mkeka safi, na uhakikishe unakauka mapema, kwa sababu ulezi uliolala na unyevu huota ukungu. Mtu anayenunua unga uliokwisha kusagwa hawezi kuifanya kazi hii. Kwa hiyo, palipo na uwezo, nunua punje.

Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Loweka ulezi uliooshwa kwa usiku mzima, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi au majani ya mgomba kwa siku mbili au tatu huku ukiunyunyizia maji, hadi vijizizi vyeupe vitokeze. Kisha uanike ukauke kabisa, sugua kwa viganja ili vijizizi vitoke, pepeta, na usage. Unga huo una vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kijiko kimoja kikiwekwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika na kuwa mwepesi mbele ya macho yako bila kuongezwa maji. Mwaka 1983 watafiti wa Tanzania walichapisha kazi kuhusu njia hii kwa ajili ya chakula cha watoto wadogo, na hoja yao ilikuwa nzito: uji mwepesi wa kawaida una gramu 50 hadi 100 za unga kwa lita, kwa hiyo mtoto hujaza tumbo kwa maji, lakini ukitumia kimea unaweza kufikisha gramu 200 na bado mtoto akanywa kwa kikombe. Zingatia mambo mawili. Kimea kisitiwe katika uji unaochemka, kwa kuwa joto hilo huua vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Uji ukishalainika, urudishe motoni uchemke tena, kwa sababu unga wa kimea haujapikwa na unaweza kubeba vijidudu.

Togwa ya Ruvuma, Iringa na Mbeya inatokana na ujuzi huo huo: uji unalainishwa kwa kimea, kisha unaachwa uchachuke. Wachagga nao huweka kimea cha ulezi katika mbege, pombe yao ya ndizi.

Tukija kwenye mtama, jambo la kwanza ni rangi. Mtama mwekundu na wa kahawia mara nyingi una tanini nyingi, ambazo huleta ule ukakasi mdomoni na hushika protini isimeng'enywe vizuri. Mkulima haupandi kwa ujinga. Kweleakwelea hawaupendi, na katika maeneo ambako ndege hao humaliza shamba kwa asubuhi chache, ukakasi huo ndio unaomwachia mtu mavuno. Wenyeji wa nyanda za juu za Rwanda, Burundi na kusini-magharibi mwa Uganda walipata dawa yake zamani: huuloweka mtama wenye tanini katika maji ya majivu ya kuni, kisha huuotesha, na ukali wake hupungua sana. Kwa mpishi wa mjini ni rahisi zaidi kutafuta mtama mweupe kama ule wa aina ya Macia, ambayo hulimwa sana Dodoma na Singida. Huo ndio unaofaa kwa mikate na keki.

Hata mtama mweupe una tabia yake. Protini yake hukaza inapochemshwa na maji na kuwa ngumu zaidi kumeng'enywa, tofauti na nafaka nyingine nyingi. Kuchachusha kabla ya kupika hupunguza tatizo hilo. Changanya unga na maji ya uvuguvugu usiku, ongeza vijiko viwili vya uji uliochachuka wa jana, funika, na asubuhi upike. Ladha huwa na ukali mzuri, na uji hukaa tumboni bila kusumbua.

Uwele una kasoro moja inayowakatisha tamaa watu wengi, nayo ni uchungu wa unga. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, takriban asilimia 5, na kiini chake ni kikubwa kwa kulinganisha na punje. Unaposagwa, mafuta hukutana na kimeng'enya chake na huanza kuharibika mara moja, kwa hiyo unga uliosagwa leo na kuachwa kwenye mfuko jikoni unaweza kuwa mchungu ndani ya siku chache. Punje nzima hukaa miezi mingi bila kudhurika. Ukitaka unga ukae zaidi, chemsha maji, tumbukiza uwele kwa sekunde 90 hivi, uchuje na uanike ukauke kabla ya kuusaga. Joto hilo huua kimeng'enya kinachouharibu. Familia za Dodoma zinazopika ugali wa uwele na mlenda husaga kidogo kidogo, na nadhani hiyo ndiyo siri ya ladha yao.

Sasa kuoka. Ulezi, mtama na uwele hazina gluteni, ule utando unaovutika ambao hushika hewa ndani ya kinyunga cha ngano. Mkate wa mtama mtupu hauwezi kuumuka kama boflo, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kwa mkate wa kuumuka nakubali mchanganyiko wa theluthi moja au pungufu kidogo ya mtama. Chukua gramu 350 za ngano na gramu 150 za unga wa mtama mweupe. Kutoka katika mtama huo toa gramu 50, uupike na mililita 250 za maji hadi uwe uji mzito, kisha uache upoe hadi uwe vuguvugu. Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa sababu wanga wa mtama huhitaji joto la juu ili uive, na usipoiva huacha chengachenga zinazohisiwa kwenye meno. Ongeza unga uliobaki, gramu 7 za hamira kavu, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, vijiko vikubwa viwili vya sukari na viwili vya mafuta, kisha maji kidogo kidogo hadi kinyunga kiwe laini na chenye kunata kuliko ulivyozoea. Kanda dakika kumi, kiache kiumuke, kiweke kwenye chombo cha mkate, kiumuke tena, na ukioke kwa nyuzi 190 kwa dakika 35.

Keki ni habari njema zaidi, kwa kuwa keki hushikwa na mayai na si gluteni. Ulezi mtupu unafaa kabisa. Changanya gramu 200 za unga wa ulezi na mililita 120 za mtindi na uache kwa saa nzima ili unga unywe unyevu. Piga mayai manne na gramu 150 za sukari hadi yafure, ongeza mililita 120 za mafuta, iliki, maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa, chumvi kidogo, na ndizi mbivu moja iliyopondwa, ambayo husaidia keki isimung'unyike. Mwisho ongeza ule mchanganyiko wa ulezi pamoja na vijiko vidogo viwili vya bekingi pauda. Oka kwa nyuzi 175 kwa muda wa dakika 40. Asiye na oveni atumie sufuria yenye kifuniko, moto mdogo chini na makaa mengi juu. Keki hii ina rangi ya kahawia na harufu inayokaribia kakao, na watoto huila bila kubembelezwa.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Bint Pwani:

Asante sana dada kwa somo hili. Naomba nikumbushe mkate wa mofa, ambao ni mkate wetu wa pwani wa unga wa mtama, mdogo wa mviringo, unaookwa katika tanuri la udongo. Siku hizi tunausikia zaidi kuliko tunavyouona, kwani nyumba nyingi za Mombasa na Lamu hazina tena tanuri. Je, inawezekana kuupika kwenye jiko la gesi?

Kinu na Mchi:

Dada yangu, umenifurahisha kwa kuutaja. Inawezekana, ingawa harufu ya tanuri hutaipata. Changanya unga wa mtama mweupe na maji ya uvuguvugu na hamira kidogo, au bora zaidi chachu ya jana, ukoroge hadi uwe mzito kuliko wa vitumbua, na uuache usiku kucha. Asubuhi tia chumvi, pasha kikaango kizito cha chuma bila mafuta, mimina mkate mmoja mnene kiasi cha kidole, na ufunike kwa kifuniko kinachobana ili mvuke uuivishe upande wa juu. Ugeuze mara moja tu. Uliwe ukiwa moto, kwa mchuzi wa samaki au samli, kwa sababu mkate wa mtama ukipoa hukakamaa.

Mama Wawili:

Habari za kazi dada. Mimi nina mtoto wa miezi minane. Nimenunua unga wa lishe uliochanganywa nafaka na mbegu kumi: ulezi, mtama, uwele, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, maharage na ufuta. Muuzaji amesema ndio bora kwa kuwa una kila kitu. Tumbo la mtoto linajaa gesi na uji una uchungu kwa mbali. Nifanye nini?

Kinu na Mchi:

Pole sana mama. Nitakujibu bila kuzunguka, kwani jambo hili linahusu mtoto: usimpe tena unga huo. Ukipata uchungu, unga umekwisha kuharibika, na karanga na ufuta ndivyo vinavyouharibu haraka kutokana na mafuta yao.

Liko jambo zito zaidi ya ladha. Karanga na mahindi ndizo njia kuu za sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika chakula chetu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Karanga zikisagwa pamoja na vitu tisa vingine huna tena nafasi ya kuona zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu na kuzitupa. Soya na maharage nayo yasipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa huwa na viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na dakika kumi za uji hazitoshi kuviua. Huenda gesi ya mtoto inatoka huko. Ikiendelea baada ya kuacha unga huo, mpeleke kliniki aonwe.

Nakushauri usage nafaka moja, au zisizozidi mbili: ulezi peke yake, au ulezi na mahindi meupe yaliyochaguliwa. Vingine viongezwe katika sufuria kwa siku husika, kwa mfano kijiko cha siagi ya karanga uliyoitengeneza kwa karanga ulizozichambua mwenyewe, maziwa, yai lililopikwa, au samaki waliosagwa. Mpe pia tunda lenye vitamini C, kama papai au chungwa, kwa kuwa husaidia chuma cha ulezi kuingia mwilini. Chai usimpe kabisa, kwa kuwa hufanya kinyume chake.

Omogaka:

Ninachangia kutoka Kisii. Kwetu ugali wa wimbi, obokima, ndio chakula cha heshima, na mgeni akipewa ugali mweupe wa mahindi pekee wazee huona amepungukiwa. Wengi wetu huchanganya wimbi na muhogo mkavu uliosagwa, kwa sababu wimbi pekee hukatika mkononi, lakini muhogo huufanya uvutike na uwe laini. Sehemu tatu za wimbi kwa moja ya muhogo zinatosha. Ukizidisha muhogo, ugali unakuwa wa kunata na ladha ya wimbi inapotea.

Kinu na Mchi:

Nashukuru sana kaka. Niongeze tu kwamba muhogo huo uwe umelowekwa na kukaushwa vizuri, hasa ule mchungu, ili sumu yake ya asili itoke.

Mstaafu:

Binti yangu, umeandika vizuri. Mimi nina kisukari na niliambiwa niache sembe nile ugali na uji wa ulezi. Nimefuata, lakini kipimo asubuhi hakishuki kama nilivyotarajia. Je, ulezi si dawa ya sukari?

Kinu na Mchi:

Shikamoo mzee wangu. Hapana, ulezi si dawa, na inaniuma kuona ukiuzwa kwa jina hilo. Ni wanga, kama mahindi yalivyo wanga. Faida yake ni nyuzinyuzi za ganda, na faida hiyo hupungua kadiri unga unavyosagwa laini na uji unavyokuwa mwepesi, kwani wanga uliolainika hivyo humeng'enywa haraka na sukari hupanda haraka. Kimea nilichokisifu hapo juu kwa watoto hakikufai wewe, kwa sababu kazi yake ni kuugeuza wanga kuwa sukari.

Katika hali yako, mzee, ningependelea punje nzima: mtama mweupe uliolowekwa usiku kucha na kuchemshwa kama makande, uliwe kwa maharage na mboga nyingi za majani. Ukipenda ugali, uwe mdogo kuliko mboga iliyo pembeni yake, na unga wake usipitishwe kwenye chekeche. Pima sukari saa mbili baada ya kula ili uone mwenyewe chakula kipi kinakufaa, na usibadilishe dawa zako bila daktari kukuelekeza.

Mkazi wa Toronto:

Sisi tulio mbali tunazipata wapi nafaka hizi? Katika maduka ya kawaida huku naziona chache, tena kwa bei kubwa.

Kinu na Mchi:

Nenda kwenye maduka ya Wahindi, kaka. Ulezi utaukuta kwa jina la ragi, mtama kwa jina la jowar, na uwele kwa jina la bajra. Wahindi wa Kigujarati, wa Dar es Salaam na Mombasa kama wa huko uliko, hutumia unga wa uwele kwa rotlo, na namna wanavyoukanda inafaa kuigwa: maji ya moto sana humiminwa juu ya unga, huchanganywa kwa mwiko, kisha hukandwa kwa kiganja kungali moto, na mkate husukumwa au kupigwa kwa mikono na kuokwa papo hapo. Joto la maji huivisha sehemu ya wanga, na huo ndio unaoushika mkate badala ya gluteni.

Angalia tarehe ya kusagwa kwenye pakiti, hasa ya uwele, na uunuse unga mara unapoufungua. Ukiwa na harufu ya mafuta ya zamani, urudishe dukani. Kama una mashine ndogo ya kusaga kahawa, nunua punje na usage za kutosha mlo mmoja. Kama huna, gawa unga katika mifuko midogo na uuweke kwenye friza. Na iwapo nyumbani kuna mtu asiyeruhusiwa kabisa gluteni, chagua pakiti inayoeleza kwamba haikusagwa pamoja na ngano, kwani mashine nyingi husaga vyote viwili kwa jiwe lile lile.